Nilivyopimwa Mara Mbili Mbele ya Mkwe

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kukaa chini ukajificha uso. Nimeaibika nikiwa nimening'inia.

Naandika mwenyewe mapema kabla watu wa Sirari hawajawaletea habari yao iliyotiwa chumvi. Hii yangu ndiyo yenye vipimo sahihi.

Kwa msionijua: mimi ni Mwita, nanunua dhahabu ndogondogo kwa wachimbaji wa huku Tarime. Kazi yangu ni kupima na kubishana. Napima mara mbili, nabishana mara tatu. Hakuna aliyewahi kuniuzia kitu kwa bei ya kwanza, hata dawa ya kikohozi.

Nina ubia kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia. Wabia tuko watano. Mimi nimetoa magogo ya kuzuia kuta na chakula cha wachimbaji. Mwenyekiti wetu ni Mzee Nyamhanga wa Susuni, ambaye pia ni baba mzazi wa mke wangu. Na mnajua kwetu mkwe ni mkwe. Humpi mkono ovyo, huketi naye kiti kimoja, huvui hata shati mbele yake. Miaka kumi na moja ya ndoa, mzee yule hajawahi kuniona kifua.

Duara letu lina utaratibu wake. Mwamba wenye dhahabu ukifikiwa, kabla haujaguswa, kila mbia anashushwa chini, anaushika kwa mkono wake, anachora chokaa kwenye upande anaoutaka. Anayeshuka anachagua. Asiyeshuka anapewa kinachobaki. Kinachobaki mnakijua. Ni mawe ya kujengea choo.

Kushuka ni kwa winchi ya mkono: kamba moja, wanaume wawili wanazungusha, na msimamizi ni Chacha, mtu asiyecheka na kamba yake. Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kujaribu. Chacha akanitazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa mnadani, akanipeleka kwenye ule mzani wa kuning'iniza wa kupimia mifuko ya mawe. Nikashika ndoana kwa mikono miwili, nikakunja miguu.

"Tisini na saba," akasema. "Kamba yangu mwisho tisini."

"Chacha, tufanye tisini na tano."

"Mura, ndugu yangu, kamba haijui kupatana."

Wachimbaji walikadiria mwamba utafikiwa baada ya miezi mitatu. Kilo saba, miezi mitatu. Nikagawa. Nikagawa tena. Inawezekana.

Nikaenda zahanati. Nikamkuta sista mmoja mpole, akanipima urefu, akauliza umri, akauliza kazi, akauliza natembea kiasi gani kwa siku. Nikamwambia natembea sana, kutoka shimo hadi shimo. Akanieleza vizuri kabisa. Chakula kinakupa nguvu, nguvu hizo zinahesabiwa kwa kalori. Ukila pungufu kidogo ya zile unazotumia, mwili unakwenda kuchukua kwenye akiba. (Akaielekeza kalamu kwenye akiba. Niliona aibu kidogo.) Usijinyime sana, akasema, utaanguka njiani. Nusu kilo kwa wiki, au zaidi kidogo, inatosha. Akaandika kwenye kadi: 1,900 kwa siku.

Mimi nikiona namba nasikia kuwashwa.

"Sista, elfu mbili na mia sita."

"Baba, unafanya nini?"

"Napatana."

"Hapa hatuuzi nyanya. Ni elfu moja na mia tisa."

"Elfu mbili na mia mbili, tumalize. Mimi natembea, sista!"

"Na kutembea kwako kumo humohumo. Nimeshakuwekea."

Sikio langu lilisikia. Ila kichwa changu kiliichukua kauli ile kama bei ya kufungulia. Nikakunja kadi nikaaga, nikijua hesabu iliyobaki nitaimalizia kwingine.

Nikaimalizia kwenye simu. Kuna programu inahesabu hatua zako na kukwambia umechoma kalori ngapi. Siku ya kwanza nikatembea, jioni simu ikasema: mia nne. Mia nne za kwangu kabisa! Nikazijumlisha kwenye zile elfu moja na mia tisa za sista. Halafu nina daftari langu, simu siiamini peke yake. Nikaandika: "Mazoezi, kutembea, mia nne." Nikajumlisha na hizo. Elfu mbili na mia saba. Nimepita hata bei niliyoanza nayo zahanati!

Na barabara zetu mnazijua. Siku moja nilipanda bodaboda kutoka mjini, simu ikiwa mfukoni. Kila shimo, hatua. Kila tuta, hatua tatu. Nilipofika simu ikanipongeza. Mtu mwaminifu angezifuta. Mimi nilimlipa bodaboda nikamwambia kesho apitie njia ileile.

Kwenye chakula lakini nilikuwa mkali. Ugali wangu nilikuwa naupima kwa mzani wa dhahabu. Pale machimboni anapika Mama Robi, na mzani wangu mwisho wake ni gramu mia mbili, kwa hiyo napima donge moja moja, naandika, naweka pembeni, napima lingine. Nikimaliza, ugali umepoa na foleni imefika barabarani.

"Mwita," Mama Robi akaniuliza siku moja, "unakula au unanunua?"

"Napunguza mwili, Mama Robi."

"Haya. Mbona sahani ni ya pili?"

"Ya pili ni ya mazoezi."

Akanitazama. Akaniongezea dagaa. Nikawapima nao.

Siwezi kusema sikuonywa. Mwezi wa pili suruali zikaanza kubana. Nikailaumu sabuni. Nikanunua suruali nyingine, kubwa kidogo, ya kuanzia maisha mapya, nikaifunga kwa mkanda.

Sasa leo.

Juzi mwamba umefikiwa. Leo ndiyo siku ya chokaa. Nimeamka mapema, nimetembea kutoka nyumbani hadi machimboni, saa nzima, jasho mpaka kwenye nyusi. Nilipofika Mama Robi alikuwa ameshapika. Nikatazama simu, nikatazama daftari: nina akiba ya kalori mia nane. Akiba haiachwi. Nikanywa supu na chapati mbili, na chai ya maziwa juu yake, nikaenda kwa Chacha kifua mbele.

Wabia watatu walikuwa wameshashuka na kuchagua. Zimebaki pande mbili, na watu wawili: mimi na mkwe wangu. Mkwe alikuwa bado kivulini upande wa pili, anazungumza na fundi wa magogo. Nikaona vizuri, nipimwe kabla hajaja.

Nikashika ndoana, nikakunja miguu. Chacha akausogelea mshale. Akarudi nyuma. Akausogelea tena.

"Mia."

"Mia nini?"

"Kilo mia, Mwita. Kama mfuko."

Wachimbaji kama ishirini walikuwepo. Wote wakawa na kitu cha kutazama, na kitu chenyewe ni mimi.

"Mzani wako mbovu!"

"Jana umepima mfuko wako hapahapa ukausifu."

Nikaona nitafute shahidi. Nikampigia sista, nikaweka sauti kubwa, watu wasikie kwamba nimefuata masharti. (Ushauri: usiweke sauti kubwa.)

"Sista, ni Mwita wa kalori. Nimeongezeka kilo tatu! Zile namba ulizonipa zina kasoro."

"Pole, baba. Ulikuwa unakula ngapi kwa siku?"

"Elfu moja na mia tisa zako. Na mia nne za kutembea za kwenye simu. Na mia nne za kutembea za kwenye daftari."

Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

"Baba, huko kutembea ni kulekule kumoja?"

"Kulekule."

"Na mimi nilikwambia nimeshakuweka ndani ya ile elfu moja na mia tisa."

"Ulisema."

"Kwa hiyo umetembea mara moja, umejilipa kwa chakula mara tatu."

Chacha akageuka akatazama winchi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nyuma yangu nikamsikia Mama Robi, sijui alifika saa ngapi: "Sahani ya pili ya mazoezi!"

"Na simu huwa inakadiria tu," sista akaendelea, kwa upole uleule, sauti imejaa machimbo yote. "Wakati mwingine inazidisha. Kweli ulitembea zile hatua zote?"

Nikaiwaza ile bodaboda. Nikakata simu.

Hapo mtu mwenye akili angekwenda nyumbani. Mimi nikauwaza ule mwamba. Miezi kumi ya magogo na ugali, halafu nichukue kilichobaki? Na vitu nilivyovaa je, si vina uzito? Nikasema, "Chacha, pima tena. Mara ya kwanza umepima na mali zangu."

"Sawa, ila mara ya tatu sipimi," akasema. Nikavua gambuti. Nikatoa simu, funguo, daftari, mzani wa dhahabu na mawe yake ya kupimia. Nikatoa sarafu. Nikauona mkanda. Mkanda wangu una chuma kipana mbele, kizito kweli. Nikavua na mkanda. Kwa makadirio yangu vilikuwa kama kilo nne. Sita zilizobaki ningezizungumza na Chacha pembeni.

Nikashika ndoana. Nikakunja miguu.

Wenye vitambi wenzangu mnajua jambo hili. Suruali yetu haikai kiunoni, hatuna kiuno. Inakaa chini ya tumbo kwa imani ya mkanda. Na ukining'inia kwa mikono, tumbo linapanda juu, linaiacha suruali peke yake na mambo yake.

Wakati huohuo nikamwona Mzee Nyamhanga anakuja, fimbo mkononi, kofia kichwani, taratibu. Hatua kumi. Mtoto wa watu nimelelewa vizuri, siwezi kuacha kumsalimia mkwe eti kwa sababu nimening'inia.

"Shikamoo tata!"

"Mara..." akaanza.

Suruali ikashuka.

Nikiri kitu: nusu ya sekunde nilifurahi. Nilifikiri, kumbe nimepungua!

Halafu upepo ukanifahamisha. Bukta nilikuwa nayo, nashukuru. Ya kijani, yenye picha za ndizi, zawadi ya mtu wa Migori. Fulana nayo ilikuwa imepanda hadi kifuani. Miaka kumi na moja ya heshima, yote imo vifundoni.

"Chacha!" nikanong'ona kwa nguvu.

"Usiachie! Mshale bado unatembea!"

Fikirieni hesabu hiyo. Nikiachia, nafunika aibu, lakini kipimo kimekufa na Chacha hapimi mara ya tatu, alishasema. Nikishikilia, huenda mwamba ni wangu, lakini mkwe wangu amesimama hatua kumi na ndizi zinamtazama. Suruali au mwamba.

Nikashikilia.

(Msinihukumu. Ninyi hamjatoa magogo.)

Mshale ukatembea. Ukarudi. Ukatulia.

"Tisini na saba," Chacha akasema.

Ileile! Miezi mitatu ya kupima ugali donge moja moja, nimerudi palepale. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimevaa.

Nikaachia. Nikaanguka, nikaivuta suruali nikiwa chini, nikasimama nimeishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Nilipoinua macho, Mzee Nyamhanga alikuwa ameshageuka. Amenipa mgongo, fimbo imechomekwa ardhini, anatazama vilima vya upande wa Kenya kana kwamba kuna mvua inakuja. Hakuna wingu hata moja. Ishirini wale wote wamenyamaza, maana mbele ya mzee hakucheki mtu. Mama Robi amejiziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtoka.

Mzee akasema, bila kugeuka:

"Chacha."

"Naam, tata."

"Huyo aliyeko nyuma yangu, kamba inamchukua?"

"Haimchukui, tata."

"Basi nitashuka mimi. Nitaweka chokaa ya kwangu, halafu nitaweka na ya kwake."

Akavua kofia, akafungwa kamba. Mzee wa miaka sabini na kitu, Chacha hata hakumpima, wale wawili wakamzungusha kama ndoo tupu. Akakaa chini dakika ishirini. Juu mimi nimefunga mkanda, nimevaa gambuti, nasubiri, natamani ardhi ifunguke. (Ilikuwa imefunguka, mita mbili kutoka nilipo. Haikuruhusu kilo mia.)

Akapanda. Akajipangusa chokaa vidoleni. Akaongea na Chacha, Chacha yuko katikati yetu kama mkalimani.

"Mwambie ya kwake ni kushoto."

Kushoto! Kushoto maji yanachuruzika, kila mchimbaji anajua, na mwamba wenyewe ni mwembamba mbele, mpaka uchimbe ndani ndipo labda unanenepa. Labda. Nilikuwa na hoja nne nzuri sana, nilizipanga hapohapo. Nikamtazama mzee mgongoni. Nitamwambia nini mtu niliyemtolea ndizi?

"Asante tata," nikasema. Hoja zote nne nikazimeza. (Kalori zake sijui.)

Kesho naanza upya. Elfu moja na mia tisa, kutembea kumo. Programu nimeifuta. Sista nimempigia tena, bila sauti kubwa, akasema niendelee kutembea kwa afya ya moyo, lakini nisitembee kwa kudai chakula. Sikupatana naye.

Ombi langu ni moja, hasa kwa mlioko Susuni mnaomfahamu mkwe wangu. Mkikutana naye njiani, msalimieni kawaida, mpite. Msimuulize habari za machimboni, msitabasamu. Mzee hakuona kitu. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na yeye, ingawa hatujaongea.