Maombi ya Baruti Yasiondolewe

Kwa Mzee Wakhungu,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee,
Kanisa la Nuru ya Alfajiri, Kitengela.

4 Septemba 2006

Mzee wetu mpendwa,

KUH: KUONDOLEWA KWA MAOMBI YA TAREHE 12 AGOSTI

Nakuamkua kwa heshima na kwa furaha ya bibi arusi wa siku ishirini na tatu. Jana kwenye matangazo mlisoma kwamba wazee wameyaondoa maombi yaliyofanywa kwa ajili ya Baruti, albamu ya kwanza ya bendi ya Mtarimbo, kwa kuwa wamegundua ni roki nzito, ule muziki wa hevi metali, wala si injili. Mwimbaji wa bendi hiyo ni mume wangu Kimanzi, Mungu amtunze mpaka kope zake. Niko na malalamiko, nayo ni haya:

1. Hamkudanganywa. Kimanzi alimwambia Mchungaji, "Tumetoa albamu." Mchungaji akajibu, "Ilete Jumamosi tuiombee." Kwetu kila albamu huombewa ikiwa bado ndani ya katoni, na hakuna aliyewahi kuuliza ina nini, kwa sababu siku zote huwa ni kwaya. Mliweka mikono juu ya katoni, wewe Mzee ukiwa wa kwanza. Ulipoonyeshwa jalada lenye fuvu la ng'ombe, ulilisifu ukasema linafaa sana hapa Kajiado.

2. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa arusi yetu. Mchungaji, akiona pilau inapoa, alituombea pamoja, albamu na ndoa, maombi mamoja, amina moja. Maombi ya namna hiyo hayagawanyiki, kama vile chai ikishatiwa maziwa huwezi kuyatoa. Mkiyaondoa kwa Baruti, mmeyaondoa kwangu. Tayari leo asubuhi nikianika nguo, jirani yangu Mama Whitney alipaza sauti: "Mchumba wa Kimanzi! Kumbe mnaishi pamoja kabla ya arusi?" Ploti nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia kwenye taulo mpya tuliyopewa na kina mama.

3. Maombi hayo yamezaa matunda. Tangu siku ile mume wangu huamka kabla yangu, akachemsha chai, akanipangusia viatu vumbi. Anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Kiserian, mikono imechubuka yote, lakini akiushika uso wangu utadhani ameshika yai. Je, hayo nayo yanaondolewa lini? Nijulishwe mapema nianze kujichemshia chai.

4. Mnasema anaunguruma kama pepo. Mzee Muthama akiombea mvua huunguruma kumshinda, hata mwezi wa Aprili spika ilipasuka, nanyi mkasema ni upako. Kimanzi anachounguruma ni, "Mgongo! Mgongo wangu!" Huo ni ukweli mtupu. Mimi ndiye ninayeuchua.

5. Kama ni lazima kuondoa maombi, yaondolewe kwa utaratibu, mkianza na ya zamani. Iko mashine ya kusaga mliyoiombea, ambayo kilo mbili za mahindi huingia ikatoka moja na nusu ya unga. Yuko diwani mliyemwekea mikono kabla ya uchaguzi, na tangu ashinde hatujaiona mikono yake wala yeye. Kiko choo cha kanisa, kilichoombewa Jumapili kikaporomoka Jumanne. Mkimaliza hayo, mtufungishe ndoa upya: maturubai yale yale, pilau ile ile, na wewe Mzee urudie hotuba yako fupi juu ya unyenyekevu, ile ya saa moja na robo. Na wote waliokula katika arusi isiyo halali watubu mbele ya kanisa, wakitangulia waliorudia sahani.

Nawasalimu wazee wote, kwaya, kina mama wa Jumatano, na hata Mama Selpha, aliyewapigia wageni wake wa chai albamu ya Baruti akidhani ni tenzi. Nasikia vikombe vilivyovunjika ni vitatu tu.

Ni mimi niliyeolewa, mpaka mtakaposema vingine,

Evalyne Kimanzi

N.B. Kimanzi amerudi kutoka kazini nikamsomea barua hii. Amenibusu kwenye paji la uso, kisha akanisihi niwaombe muyaondoe maombi upesi, tena kwa maandishi yenye muhuri wa kanisa. Wapenzi wa roki kule Nairobi wamesikia kwamba Baruti iliwekewa mikono na wazee, na hakuna anayetaka kuigusa. Kwa hivyo, Mzee, yaondoeni. Kuhusu kutogawanyika, sasa nimekumbuka vizuri: Mchungaji alikohoa katikati. Kabla ya kikohozi ni albamu, baada ya kikohozi ni mimi. Tafadhali ondoeni mpaka pale alipokohoa, msipite hapo hata neno moja.