Pembe ya Kidijitali ya Si Maati

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya kihistoria! Barua yangu kwa Baraza la Mji imejibiwa. Niliomba kompyuta kumi. Wameniletea waya mmoja wa kuongezea umeme na boksi la kalamu za ubao. Ubao hatuna. Si neno! Moroko nzima itasikia habari za maktaba hii.

Halafu akaja Si Ghali, yaani Bwana Ghali, katibu wa Baraza, mikono nyuma, anapima kuta kwa macho. Akasema Ijumaa asubuhi wanaamua. Daftari la wageni lisipofikisha majina mia moja wiki hii, maktaba inafungwa na jengo linakuwa stoo ya viti vya sherehe. Viti! Wiki iliyopita tulipata wageni tisa, na wawili kati yao walikuwa wanaulizia choo. Miaka kumi na tisa mimi, Si Maati, nimekuwa mkutubi humu. Nilijifungia nikalia kidogo. Kidogo tu.

Kisha wazo likanijia. Pembe ya Kidijitali! Mpwa wangu amefunga duka lake la intaneti, atanipa kompyuta moja. Nafasi? Rafu tatu za vitabu vikuukuu ziondoke. Lalla Rkia, msaidizi wangu, akashika kiuno. Akauliza kama nimesahau kwamba vitabu vile vina jina la Mungu ndani, hata kile cha ufugaji wa nyuki kinaanza na bismillahi. Nikamjibu kwamba usasa unataka roho ngumu. Maboksi kumi na mawili sasa yako kando ya pipa la taka, nyuma ya hamamu, bafu la umma la mtaa. Najisikia kijana!

Jumanne, 7 Oktoba

Foleni mlangoni! Kabla hatujafungua! Nikakimbia kuweka kola sawa, nikijua ni tangazo la Pembe nililobandika jana limefanya kazi.

Wapi. Mbele kabisa alisimama Hajja Tamou, muuza mnanaa, amekumbatia kitabu kilichoviringishwa kwenye kitambaa safi. Alikiona chini penye taka, kina muhuri wetu, akakiokota, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akakileta. Akaniambia mbele ya watu: "Mwanangu, maandishi yanatupwa chini kama maganda ya viazi? Aliyefanya haya hakulelewa!" Nikasema kweli kabisa Hajja, watu wa siku hizi hawana adabu. Lalla Rkia akapata kikohozi cha ghafla.

Nyuma yake kinyozi, mchochea moto wa hamamu, mafundi wawili wa ngozi. Kila mtu na kitabu, kila mtu na hotuba. Lalla Rkia akawaandikisha wote, eti kanuni ni kanuni, anayevuka kizingiti anaandika jina. Thelathini na mmoja. Jioni rafu zangu tatu zilikuwa zimejaa tena pomoni. Pembe niiweke kichwani?

Jumatano, 8 Oktoba

Mimi si wa kushindwa. Nimeazima mkokoteni wa punda, nikavipeleka vitabu vile vyote jalalani, nje ya mji. Huko wanapita mbuzi tu. Kompyuta imeunganishwa, inawaka, inanguruma vizuri sana!

Mgeni wa leo ni mmoja: Si Ghali. Alikuja kuhesabu viti vingapi vitaenea. Akachomoa kompyuta yangu, akachomeka chaja ya simu yake. Lalla Rkia akamsukumia daftari. Akasaini huku amenuna. Thelathini na wawili. Tumekwisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilisahau kwamba Alhamisi ni siku ya soko! Vijiji vyote hupita kando ya jalala. Wamekuja na vitabu kwa punda, kwa baiskeli, kwa vikapu vya zeituni. Mwalimu wa watoto wa msikitini ameleta darasa zima, kila mtoto na kitabu chake kifuani.

Na hawakuondoka! Wametoka mbali, wakakaa kupumzika, wakafunua kurasa. Mzee mmoja akaanza kuwasomea wenzake kile cha nyuki kwa sauti, wakabishana kuhusu malkia mpaka Lalla Rkia akawapikia chai. Hajja Tamou amerudi, anataka kuazima cha mitishamba. Sijawahi kuusikia ukumbi huu ukivuma hivi. Kwenye kompyuta hakukaa mtu, ila paka.

Daftari: mia na ishirini na saba!

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumepona! Maktaba haifungwi! Si Ghali alipekua daftari akitafuta majina ya uongo, akakuta lake. Viti vyake atavipeleka anakojua mwenyewe.

Mwenyekiti wa Baraza akauliza ni kitu gani kimewavuta watu hivi. Lalla Rkia akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikamshika Mwenyekiti mkono mpaka kwenye Pembe ya Kidijitali, nikamfukuza paka, nikabonyeza kitufe. Wakapiga makofi! Wameniahidi kompyuta ya pili! Lalla Rkia amekwenda kula kuskusi kwao bila hata kuniaga. Wivu.

Kompyuta ya pili inahitaji nafasi. Nimeshapiga hesabu: rafu saba ziondoke, pamoja na ile ya nyuki. Ila safari hii nimejifunza. Vitabu vyote vitafungwa kwenye mifuko myeusi, kamba mara mbili, asione mtu hata herufi moja. Watu wasisumbuke tena kuja huku na mizigo. Wiki ijayo nitajaza mia tatu!