Uchaguzi wa Rais wa Darasa la Tano

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimekwisha! Direkta wetu wa shule, Papa Éliézer, ametangaza kwamba inspekta atakuja Ijumaa kusikiliza somo la uraia. Katika darasa langu! Mwalimu atakayeboronga, asema, atahamishiwa Kirungu, kwenye vilima na baridi. Mimi na kifua changu hiki! Mama Arlette wa darasa la nne akacheka. Watoto wake huimba haki za raia huku wakipiga makofi. Lazima nimpite.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Mchezo. Watoto watachagua rais wa darasa. Wagombea: Emilie, binti wa muuza ndakala, wale samaki wadogo, sokoni, na Prospère, mjukuu wa direkta. Asubuhi niliwafundisha vizuri sana: kura ni siri, mashahidi huhesabu, raia haogopi kuuliza. Mchana, baada ya watoto kupiga kura, nikawaza. Prospère akishindwa, babu yake atanitazamaje? Nikaandika karatasi chache za Prospère, nikazitia sandukuni mwenyewe. Chache tu. Labda si chache.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Tumehesabu. Kura zimewazidi wapiga kura! Emilie akasema kwa upole kwamba hata mbuzi wa jirani wangepiga, zisingefika hapo. Nikasingizia upepo wa ziwa. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Nikawasihi wasimwambie inspekta. Wakanijibu kwamba raia haogopi. Nani aliwafundisha maneno hayo?

Ijumaa, 7 Novemba

Jasho tangu alfajiri. Inspekta, mama mnene wa sauti ndogo, akaketi nyuma. Nikauliza swali rahisi. Emilie akanyoosha kidole kwa jambo jingine kabisa.

"Mama Inspekta, uchaguzi wetu uliibiwa. Tunaomba turudilie."

Inspekta akauliza mwizi ni nani. Wote wakanitazama, hata Prospère! Nikakiri kwamba sanduku lilikuwa bovu. Kura zikapigwa upya mbele yake. Emilie akashinda. Prospère mwenyewe alimpigia, akasema hataki urais wa wizi. Inspekta akawasifu watoto mno. Mimi akaniita pembeni. Nikajiona tayari Kirungu, nimejifunika blanketi. Kumbe siendi! Ila mwezi mzima, kila Mama Arlette anapofundisha uraia, niketi nyuma ya darasa lake, nijifunze.

"Karibu, Mwalimu," Arlette akaniambia. "Utapiga makofi pamoja na batoto."

Jumapili, 9 Novemba

Misa imenituliza. Nimelichunguza kosa langu kwa moyo mweupe. Karatasi zilizidi, basi. Tena uchaguzi ni mchezo wa hatari, kila mtu anahesabu. Wiki ijayo tutacheza mahakama. Mshtakiwa: Prospère, kwa kosa la kukosa shukrani. Hakimu: mimi. Nilimdokezea Emilie mlangoni mwa kanisa, akaomba papo hapo awe wakili wa Prospère. Acha aongee mpaka achoke. Hukumu nimeshaiandika.