Hajji Yumo Ndani ya Kompyuta

Jamani, leo nimeaibika katika nchi mbili kwa mpigo mmoja. Uganda wameniona. Kenya wameniona. Na kabla hamjaanza kunitumia ile video, nimeshaiona. Mashemeji zangu wote wameshanitumia. Asanteni sana.

Niseme tangu mwanzo: kosa si langu. (Haya, si lote.)

Mnajua nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na geti la mpaka. Asubuhi akaingia mama mkwe wangu, Hajati, kutoka Tororo, na kompyuta imefungwa ndani ya shuka. Ile ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo inayoendesha mashine yake ya kudarizi shingo za kanzu, na mashine ile haitaki kusikia kompyuta nyingine. Waliijaribu na mpya, ikakataa katakata.

Humo ndani kuna michoro ya marehemu baba mkwe, Hajji. Nakshi zile alizichora mwenyewe, mshono kwa mshono, miaka na miaka. Tangu tumzike hakuna aliyeweza kuchora hata moja ya kufanana nazo. Hakuna nyingine popote duniani.

"Inasema nafasi imekwisha," Hajati akaniambia. "Na Jumamosi kuna harusi Mukuju. Kanzu ya bwana harusi na za wenzake zote zinaningoja."

Nikaangalia. Diski imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza imejaa pomoni. Ya pili tupu, haijaguswa tangu inunuliwe. Na programu ya kudarizi ina kiburi, haihifadhi kazi popote ila sehemu ya kwanza. Dawa ni kusogeza mpaka ulio kati yao (sisi wa Busia mipaka tunaijua). Ni kama kuhamisha ukuta wa vyumba viwili huku vyombo vya mpangaji vimo ndani, na sahani hata moja isivunjike.

"Hakuna kitakachopotea?" Hajati akauliza.

"Mama, kazi hii nimeisomea."

(Mdomo wangu huu! Mungu anauona.)

Najua mtaniuliza, si ungetoa nakala kwanza? Ninyi wajuaji! Ningetoa na nini? Kompyuta ile haina tundu la flashi. Ina mdomo wa disketi tu, na disketi niliyonayo ni moja, ndiyo yenye programu ya kugawa diski. Na kile kifaa cha kuunganisha diski za zamani na kompyuta mpya nilimwazima fundi mwenzangu wa Malaba. Nampigia, hashiki. Nampigia, hashiki. Kitu cha watu amekigeuza urithi wa baba yake!

Basi nikaamua. CPU, yaani lile boksi lenye diski, nikalichomeka kwenye UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Kioo cha kompyuta nikakichomeka ukutani, kisile betri bure. Mnaona? Nilifikiria. Nikamwonya Hajati, "Mama, kazi ikishaanza, mashine hii haizimwi. Ikizimwa katikati, nusu ya michoro itakuwa huku na nusu kule, na yote itakuwa takataka."

"Bismillahi," akasema, akatoa tasbihi yake.

Nikapanga kila kitu. Nikahakikisha. Nikabonyeza Enter.

Kioo kikazima pu! Umeme.

Banange! Tangu asubuhi upo, umengoja kidole changu! Bili wanaleta bila kukosa, umeme wenyewe hawaleti! UPS ikaanza kulia. Pi... pi... pi... CPU bado inanguruma na taa yake inawaka, ila kioo giza tupu. Na kioo kile ni cha kizamani, kizito kama gunia la mahindi. Nikikichomeka kwenye UPS kitaimaliza betri hapo hapo.

"Hajji wangu," Hajati akasema. "Mwanangu, anapotea?"

"Hapotei, Mama!"

Nikatoka nje. Ng'ambo ya geti, upande wa Kenya, taa zinawaka! Nchi ya watu ina umeme, sisi tuko gizani, na kutoka hapa mpaka pale ni mwendo wa kutupa jiwe. Shemeji yangu Rashidi ana duka pale. Nikaona njia. Nikamwita Ouma, anayesukuma mkokoteni hapo getini.

Tukapakia CPU na UPS yake, inanguruma, inalia, nyaya zinaning'inia. Hajati akaifunika kwa shuka lake isipate vumbi. (Hilo shuka ndilo lililotumaliza.) Ouma akasukuma. Mimi naikumbatia upande huu, Hajati upande ule anasoma dua. Watu wanageuka kututazama, nami nawakemea, "Pisheni! Mnaangalia nini? Hamjawahi kuona kompyuta ikivuka mpaka?"

Njia za panya tunazijua wote, lakini leo nikataka kuwa raia mwema. Nikapita getini, kwenye ukaguzi. Malipo ya uraia mwema ndiyo haya.

Askari wa kike wa upande wa Kenya akatusimamisha. "Mama, hiyo kitu inalia ni nini?"

"Ni betri, afande. Tuna haraka."

"Izime."

"Haizimwi!"

Na UPS, laana ile, ikachagua dakika hiyo kuanza kuishiwa. Mnajua inavyolia betri ikikaribia kwisha? Pipipipipi!

Askari akarudi nyuma. "Nimesema zima! Uko na nini hapo chini ya shuka?"

Kabla sijafungua mdomo, Hajati akaruka mbele, akatandaza mikono. "Haizimwi! Mume wangu yumo humu! Hajji yumo humu ndani! Akizimwa hapatikani tena!"

Kisha mtu nyuma akapiga ukelele, "Bomu!"

Ayii! Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mama muuza mayai akaacha trei zake katikati ya barabara. Na Ouma, mwanamume mzima niliyemwita mimi mwenyewe, akaachia mkokoteni. "Mimi nabeba tu, afande! Mimi sijui kitu iko ndani! Mimi nakwenda nyumbani!" Mkokoteni ukainama, CPU ikateleza, nami nikalala juu yake mzima mzima, gauni langu la gomesi limepanda, viatu viko Uganda, kichwa kiko Kenya.

Hapo ndipo mnaponiona kwenye video.

"Ni kompyuta!" nikalia. "Ni michoro ya kanzu! Nipeni umeme tu, jamani, nipeni umeme!"

Yule askari, nimsifu, hakukimbia. Akafunua shuka kwa ncha ya fimbo. Akaangalia. Akapumua. Akatuelekeza kwenye meza ya ukaguzi yenye soketi, nikachomeka UPS, pipipi ikakoma. Hajati akaangua kilio cha shukrani. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, na hao hao waliokimbia ndio wakawa wa mbele kabisa.

"Sasa tuone kama ni kweli," askari akasema. Wakaleta kioo na kibodi kutoka ofisini, nikaunganisha. Kikawaka. Umati mzima umeinama juu ya bega langu. Askari akasoma kwa sauti, polepole, akitutafsiria:

"Inasema... Kazi bado haijaanza. Je, una uhakika unataka kuanza? Ndiyo au hapana."

Akanitazama. "Mama, hii inakungoja wewe ujibu."

Jamani. Ile Enter yangu ilileta swali tu! Muda wote ule mashine imekaa inangoja ruhusa. Ningeweza kuizima kibandani, nikanywa chai.

"Kwa hiyo ungeizima tu," Hajati akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Palepale dukani kwako."

"Ndiyo, Mama."

Askari, kwa nia njema kabisa, akanyoosha kidole. "Haya, nibonyeze ndiyo?"

"HAPANA!" Umati wote! Nchi mbili kwa sauti moja, wakiwemo wasiojua hata kompyuta inaulizwa nini! Hajati akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe, akaifunga ndani ya shuka lake, akatafuta gari la Tororo. Amepata fundi mwingine, nimesikia.

Na huyo anayecheka hapo chini ya posti yangu, nakuona. Michoro ya Hajji ipo yote, haijapotea hata mshono mmoja. Kilichopotea ni heshima yangu, na hiyo ndiyo sikuitolea nakala.