Mashine Inayovuta Plastiki na Masikio Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Plastiki chakavu zote za kiwanda hupitia mezani kwangu. Nagonga kwa kijiko, nasikiliza, natamka aina. Miaka kumi na tisa. Ndiyo maana naitwa Masikio. Leo meneja kaleta binti wa maabara na mashine ya kuvuta. Ijumaa meneja ataamua meza ibaki yangu au iende kwa mashine. Binti kaniamkia kwa adabu, kisha kauliza kijiko changu kilipimwa lini. Nikamwambia kila asubuhi, kwenye chai.

Jumanne, 5 Machi
Nilikwenda kuchungulia nipate la kudharau. Nimeshindwa. Mashine inabana kipande huku na huku, inavuta polepole. Kipande cha ndoo kikasinyaa kiunoni, kikapauka, kikazidi kurefuka kama hakina mwisho. Cha kasha la kaseti kikakatika tap, bila kuaga. Umri wote huu nawagonga, kumbe siwajui! Binti kasema babu, funga mdomo, inzi wanaingia. Kila kipande kinageuka nukta kwenye mchoro wa kompyuta, na nukta za aina moja hukaa pamoja. Anavuta kumi kumi vya kila aina. Kimoja, kasema, si ushahidi, ni umbea.

Jumatano, 6 Machi
Hila. Saa ya chai nimebandika lebo za ndoo kwenye vipande vitano vya nailoni. Mashine ikivurugikiwa, meza yangu. Nimemsimulia mke wangu. Kasema mzee mzima sina haya. Hakusema niache.

Alhamisi, 7 Machi
Nukta zangu tano hazikukaa na ndoo hata kidogo. Zilikwenda moja kwa moja kukaa na nailoni wenzao, kama watu waliokuta ndugu zao ukumbini. Nani kaziambia? Nywele zilinisimama, hizo chache. Binti kakokotoa, kasema kwa bahati tu jambo hili halitokei hata mara moja katika elfu. Kisha kasema lebo tano zina mwandiko unaotetemeka. Nimelaumu feni.

Ijumaa, 8 Machi
Meza imekwenda. Nilikuwa nakusanya kijiko changu binti aliponiombea kazi ya kumkatia vipande. Kamwambia meneja kanilinganisha na mashine, masikio yangu hupatia mara tisa katika kumi. Nimekubali kwa kununa, moyoni nacheza. Kanionya nailoni isikae karibu na maji: huyanywa, ikalegea, nukta zikahama. Plastiki inakunywa maji! Nimekaa nalo siku nzima.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeanza kazi saa mbili. Saa mbili na nusu vipande kumi vya nailoni vilikuwa ndani ya ndoo ya maji, nyuma ya mlango. Atavivuta Jumatatu. Nataka tu kuona kama atajua.