Mshale Uliokataa Kushuka

Jumatano, 3 Septemba 2025. Maganzo.
Mshale wa mafuta umelala tangu asubuhi, ilhali nimetia lita kumi kwa mkono wangu. Gari la marehemu baba limenizidi umri. Jumamosi saa nne asubuhi washenga wangu, Baba mdogo Ngusa na Mama Eufrasia, wanangojewa Tinde kwa Mzee Masele, baba yake Dorah. Ameshaonya kwamba mposaji mchelewaji hana posa.

Fundi Donatus, aliyeishia darasa la saba, akashauri nipime tangi kwa kijiti hadi boya jipya, lile lielealo tangini kupima mafuta, lipatikane. Kijiti! Mimi, mwenye shahada!

Alhamisi, 4 Septemba.
Nimesoma kurasa arobaini za umeme wa magari. Nikainua kiti cha nyuma, nikachomoa waya wa boya, nikaugusisha kwenye bodi ya gari. Mshale ukapanda hadi juu! Nikaufunga waya papo hapo kwa solotepu.

Donatus akadai kuwa hicho ni kipimo cha kujua kama geji ni nzima, wala si tiba.

“Sasa mshale unasoma bodi, msomi. Mafuta hauyajui.”

Nikamfafanulia tofauti kati ya hoja na husuda.

Jumamosi, 6 Septemba.
Siku nyeusi. Shinyanga mjini Baba mdogo aliomba tuingie kituo cha mafuta. Nikamwonyesha mshale: tangu Maganzo haukushuka hata unywele. Nikausifu ubanaji matumizi wa injini.

Kilomita kumi kabla ya Tinde, injini ikanyamaza. Mama Eufrasia alisukuma gari akiwa na kitenge kipya. Hatimaye lori la mpunga likatubeba, juu ya magunia. Tukafika saa nane.

Mila inamtaka mposaji afunge kinywa, washenga waseme. Nilivumilia dakika tatu. Kisha nikasimama kueleza kwamba geji haikukosea. Tangi ndilo lililokwenda kinyume cha kipimo. Mzee Masele alinisikiliza hadi mwisho.

“Kijana, asiyejua tangi lake ni tupu, atajuaje ghala lake ni tupu? Binti yangu ataiona njaa ikishakaa mezani.”

Nyuma ya pazia Dorah alikohoa. Au alilia. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 7 Septemba.
Mama Eufrasia amembembeleza mzee kwa simu. Naye amekubali washenga warudi Jumamosi ijayo, mara ya mwisho, kwa sharti kwamba dereva awe Donatus nami nibaki nyumbani. Donatus! Ndiye aliyelifuata gari asubuhi kwa dumu la mafuta, na amekwisha kuufungua waya wangu. Mshale ukaanguka kama mgonjwa.

Jioni Dorah akapiga. Hakulaumu. Aliuliza jambo moja tu: je, safari hii nitamwachia fundi? Nikamjibu kwamba swali lake limejengwa juu ya dhana potofu. Nikaenda garini, nikaufunga waya upya, nikaupiga picha mshale ukiwa juu kabisa, nikamtumia Dorah kama uthibitisho.

Ameiona. Hajajibu. Bila shaka bado anaitafakari.