Kamati ya Rangi Zinazosomeka

Wananchi wote wapenda maendeleo walitangaziwa, kwa mabango mawili na gari moja la vipaza sauti, kwamba Idara ya Uwiano wa Mambo Mbalimbali imeunda Kamati ya Kudumu ya Madaraja ya Ustadi na Rangi Zinazosomeka. Kazi yake ilikuwa moja tu, tena nzito: kuamua wachezaji wa mchezo wa simu uitwao Ulinzi wa Mizinga wapangwe katika ngazi zipi, na kila ngazi iandikwe kwa rangi gani. Taifa lisilojua rangi ya mabingwa wake, lilisema tangazo, ni taifa linalopapasa.

Anayetaka kujua idara iliingiaje kwenye mizinga ya nyuki, na aulize masijala. Huko alifanya kazi karani mmoja mpole ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Faili. Kwa miaka mitatu, kila mapumziko ya mchana, alikuwa akitunza wiki ya mchezo ule, yaani kurasa za mtandaoni ambazo wachezaji wenyewe huziandika na kusahihishana: nyegere huvamia mzinga saa ngapi, moshi hufukizwa vipi, nani amefikia wapi. Ngazi alizoweka zilikuwa nne: Kinda, Mzoefu, Fundi na Nguli. Maandishi yalikoza juu ya weupe, na kila ngazi ilikuwa na alama yake pembeni, ili hata asiyetofautisha nyekundu na kijani asipotee. Kurasa hizo zilikuwa na wasomaji elfu arobaini. Tovuti ya idara ilikuwa imefunguliwa mara kumi na moja, tisa kati ya hizo na Mkurugenzi, akiangalia picha yake.

Rangi zile Bi Faili hakuzibahatisha. Alizijaribu moja moja mbele ya baba yake, aliyechambua barua posta kwa miaka thelathini na moja na kuyaacha macho yake huko huko. Mzee aliishika simu karibu na pua, akawa anasema hii naiona, hii ni ukungu mtupu. Tangu mkewe afariki, mchezo ule ndio uliobaki kumchangamsha, na humo alikuwa Nguli, akijiita Babu Mizinga. Kusema kweli, ukurasa ule bintiye aliutengeneza kwa ajili yake. Wale elfu arobaini walikuja wenyewe.

Sasa Mkurugenzi alikuwa mtu wa nyaraka. Nyingi zilikuwa zimesahaulika isipokuwa Waraka Namba Saba, wenye sentensi moja: Kisichosomeka hakipo. Kwa waraka huo rafu tatu za masijala zilisafishwa kwa siku moja, maana kila faili lililofifia lilitangazwa kuwa halijawahi kuwepo. Hata ombi la yule mzee la cheti cha utumishi wa muda mrefu, ambacho nacho ni katika mambo mbalimbali, lilirudishwa kwa sababu utepe wa taipureta ya posta ulikuwa umechoka. Barua ya kumjibu ilinukuu waraka neno kwa neno na ilikuwa na saini ya Mkurugenzi. Mzee alicheka, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Bi Faili hakucheka. Ilimuuma sana, ila mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuucheza mchezo wenyewe. Mwanasheria wa idara alieleza kwamba kucheza kungeharibu uadilifu wao. Wakaketi kwa kufuata vyeo, na kwa kufuata vyeo hivyo hivyo wakagawana rangi, kama walivyozoea kugawana viti. Mkurugenzi alichagua kwanza. Aliunda Ngazi ya Heshima, juu ya Nguli, itakayokuwa ya wajumbe wa kamati peke yao, na itakayoandikwa kwa dhahabu. Wote waliosalia nchini, Manguli wakiwemo, walishushwa wakawa Kinda, kwa kuwa hawana cheo chochote serikalini. Hao walipewa rangi nyeusi, maana ndiyo iliyobaki. Alama za pembeni zilifutwa kwa kuonekana za kitoto.

Bi Faili, aliyeitwa kuandika kumbukumbu za kikao, aliinua mkono. Alisema kwa adabu kwamba dhahabu juu ya weupe haisomeki, na kwamba wapo watu wenye macho dhaifu wanaoutegemea ukurasa ule.

"Sisi hatukisii, bibie," Mkurugenzi alisema. "Sisi tunapima."

Akaagiza ichapwe karatasi ya majaribio. Ilipoletwa karatasi kutoka chumba cha printa ilizungushwa mezani, na kila mjumbe akaisoma kwa sauti bila kukwama: Mkurugenzi, Ngazi ya Heshima. Naibu wake alisema anaona hadi mkato. Mwanasheria alivua miwani, akaisoma vizuri zaidi. Ndipo Mama Chai, aliyekuwa akikusanya vikombe, alipoichukua karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Jamani, hii mbona tupu?" aliuliza. "Yenu bado iko kwenye mashine, nimeiona sasa hivi."

Mkurugenzi alimshukuru kwa huduma. Akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba rangi ya dhahabu inasomeka hata kabla ya kuchapwa, na kwamba Mama Chai, kwa kuwa amehudhuria, aorodheshwe naye. Akaorodheshwa: Kinda, nyeusi.

Kesho yake nenosiri la wiki ya mchezo lilikabidhiwa kwa kamati. Bi Faili alipofika nyumbani alimkuta baba yake amekaa kitandani, simu imegusa pua.

"Mwanangu, huku juu kumeingia ukungu," alisema. "Na mimi wamenipeleka wapi?"

Akamwambia. Mzee akasema kumbe mtu anaweza kushuka ngazi tatu bila kuteleza. Alisema kwa utani, lakini simu aliiweka kando, na wiki nzima hakuigusa. Hilo ndilo lililomkata Bi Faili maini. Alikuwa tayari kuandika barua ya kuacha kazi, na angeiandika, kama asingepewa jukumu jingine. Ratiba ya uzinduzi ilikuwa na kipengele cha dakika mbili kiitwacho Neno la Msomaji wa Kawaida, na aliamriwa amtafute msomaji wa kawaida ambaye hana makuu. Akaandika jina la baba yake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Waziri mwenyewe alikuja, mtu mkavu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuzitii nyaraka zote, hata za walio chini yake. Taa zilipunguzwa, projekta ikawashwa, na madaraja mapya ya taifa yakatokea ukutani. Chini kabisa palikuwa na majina ya Kinda, meusi ti. Juu yao palikuwa na ukuta.

"Hii Ngazi ya Heshima haina mtu?" Waziri aliuliza.

"Ina watu kumi na wawili, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu. "Ni dhahabu."

Wajumbe wote walithibitisha kwamba wanajiona. Waziri alikunja macho, akasogea mbele, akarudi nyuma, mwisho akasema asomewe na huyo msomaji wa kawaida, maana yuko kwenye ratiba. Mzee alisimama, akausogelea ukuta hadi pua ikakaribia kugusa chokaa.

"Babu Mizinga," alisoma. "Huyo ni mimi. Anafuata Mama Chai. Hapa juu, Mheshimiwa, mimi naona rangi ya ukuta tu, na nina barua ya ofisi hii inayosema kisichosomeka hakipo."

Akaitoa mfukoni, akaikunjua. Waziri aliisoma mara mbili, akauliza saini ni ya nani. Mkurugenzi alikiri kuwa ni yake, akaomba papo hapo kuufuta waraka. Waziri alifikiri kwa makini, kisha akasikitika. Waraka wa Mkurugenzi unafutwa na Mkurugenzi tu, alisema, na kwa mujibu wa waraka huo, kwa sasa hayupo. Naibu wake naye hayupo, na mwanasheria, ambaye angeweza kutafsiri vinginevyo, hayupo pia. Mtumishi pekee aliyeorodheshwa na kamati na bado anasomeka alikuwa Mama Chai, na kwa kuwa kazi za umma hazisimami, akaimu yeye.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa getini aliipitia orodha mpya ya watumishi wanaosomeka kwa kidole, akamwambia Mkurugenzi, kwa heshima zote, kwamba halioni jina lake. Alimruhusu kuingia kama mgeni. Mkurugenzi alipanda hadi masijala, akapewa fomu ya maombi ya kuwepo, nakala hafifu ya fomu aliyoibuni mwenyewe, akaonyeshwa benchi. Wajumbe kumi na mmoja walikuwa wameshakaa, na kwa kuwa vyeo havikuwepo, walikaa kwa kuwahi. Akasimama mwisho.

Ukurasa wa mizinga ulikuwa umesharudishwa rangi zake na alama zake. Kaimu Mkurugenzi aliumaliza kabla chai ya saa nne haijachemka. Nyumbani mzee alikuwa ameishika simu tena, akipambana na nyegere.

Mkurugenzi alijaza fomu yake kwa kalamu yake ya wino wa dhahabu. Bi Faili aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akaitazama kwa uangalifu wote inaoustahili, akamrudishia.

"Bibie," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo, "huna kalamu nyeusi uniazime?"

"Ipo, mzee," alijibu, "ila iko kwa Kaimu. Anasaini cheti cha baba."